Samaki Asiyeliwa

Tukiwaambia ya kuwa nyumbani kwetu tulimlilia samaki, wengi watacheka. Hatuwalaumu. Hapa Lubumbashi samaki ni kitoweo. Hutoka Lualaba na maziwa ya Upemba, akiwa amekaushwa juani au kwa moshi. Hununuliwa sokoni, huliwa kwa bukari, na mifupa hupewa paka. Nani amesikia habari ya samaki mwenye jina, anayelishwa asubuhi na jioni, naye haendi chunguni?

Hata hivyo tumeona vema kuiandika habari hii. Katika miaka michache tuliyokaa na samaki huyo tulijifunza namna ya kusema na mtoto juu ya kifo, jambo ambalo wazazi wengi hulikimbia. Nacho kifo hakipiti nyumba yoyote bila kubisha hodi.

MGENI KUTOKA MBALI

Mwezi wa Julai 2021, mwalimu mmoja mgeni, jirani yetu, alimaliza kazi yake akarudi kwao. Vyombo vyake aliviuza. Samaki wake hakuweza kumuuza wala kumchukua, basi akampa binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka minane. Alikuwa samaki mwekundu, urefu wake kama kidole cha mtu mzima, mwenye mapezi mapana yaliyopepea majini kama kitambaa chepesi. Mtoto alipomwona alisema, «Ni kamoto!» yaani moto mdogo. Tangu siku ile jina lake likawa Kamoto. Wageni waliosikia jina hilo walidhani twazungumza habari ya mgodi wa Kolwezi, nasi tulicheka pamoja nao.

Wataalamu humwita samaki wa namna hii Betta splendens. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake «mwenye kung'aa». Kwao ni Tailandi, nchi iliyoitwa zamani Siam. Huko huishi katika mashamba ya mpunga, mabwawa na mifereji ya maji yasiyo na kina. Wenyeji humwita pla kat, maana yake samaki aumaye, kwa sababu madume wawili wakikutana hupigana vikali. Tangu zamani watu wa huko waliwashindanisha na kuweka dau. Mwaka 1849 daktari Mdani, Theodore Cantor, aliandika habari zao, na mwaka 1910 Mwingereza Charles Tate Regan akawapa jina lile la Kilatini. Mwezi wa Februari 2019 serikali ya Tailandi ilimtangaza samaki huyu kuwa mnyama wa majini wa taifa lake.

Watu wa Kongo wasifikiri ya kuwa mgeni huyu hana ndugu kwetu. Katika mito yetu wamo samaki wadogo waitwao na wataalamu Ctenopoma, nao ni wa ukoo mkubwa mmoja naye. Wote wana kiungo cha pekee kichwani, karibu na matamvua, kinachopokea hewa. Kwa hiyo Kamoto alipanda juu ya maji mara kwa mara, akafungua kinywa, akavuta pumzi kama mtu. Ukimzuia asifike juu, hufa, ingawa yumo majini.

KAZI YA KILA SIKU

Watu wengi hudhani ya kuwa samaki wa namna hii hahitaji kitu ila gilasi ya maji. Huo ni ukatili, ijapokuwa hufanywa bila kukusudia. Kwa kuwa aweza kuvuta hewa, hafi upesi katika maji machache na machafu. Lakini kutokufa upesi na kuishi vema ni mambo mawili.

Tulimweka katika sanduku la kioo la lita 20, na juu yake kifuniko chenye matundu, maana samaki hawa huruka, nao wakianguka sakafuni hukauka. Hatukumtia samaki mwingine. Maji ya bomba hutiwa klorini ili watu wasipate maradhi, lakini klorini huunguza matamvua ya samaki. Basi tuliyaacha maji katika ndoo mchana na usiku kabla ya kuyatumia, ndoo ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chepesi, mbu wasitage humo. Kila Jumamosi binti yetu alitoa robo ya maji ya zamani na kutia mapya. Hakuyatoa yote, kwa sababu badiliko la ghafula humdhuru samaki.

Katika chakula yatupasa kuwa na kiasi. Wafugaji husema tumbo la samaki huyu si kubwa sana kuliko jicho lake. Chakula kinachobaki huoza na kuharibu maji. Kamoto alipenda mno viluwiluwi vya mbu. Kaka wa binti yetu alivichota kwa kijiko katika madimbwi ya mvua, akijisifu ya kuwa anapunguza malaria katika mtaa.

Jambo moja lilihitaji uangalifu kwa sababu ya nchi yetu. Yule kaka alileta jiwe zuri la malakiti, la kijani lenye mistari, akitaka kulipamba sanduku. Tulikataa. Malakiti ni mawe ya shaba, na shaba ikiyeyuka majini, hata kidogo sana, ni sumu kwa samaki. Mkoa wetu wala kwa shaba, nasi twaisifu. Lakini kitu kinachomlisha mmoja chaweza kumuua mwingine. Mtoto alielewa, akaliweka jiwe lake juu ya kabati.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa baridi. Kamoto alizaliwa kwa nchi ya joto. Maji yamfaayo ni ya digri 24 hadi 28. Nanyi mwajua baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa Juni na Julai, jinsi watu wanavyoamka na kutoa mvuke kinywani. Kuna vyombo vya umeme vya kupasha maji joto, lakini umeme wetu hukatika. Basi usiku tulijaza chupa maji ya moto, tukazifunga kwa nguo, tukaziegemeza kwenye kioo kwa nje, kisha tukafunika sanduku lote kwa blanketi, tukiacha nafasi ya hewa. Kipimajoto kilitwambia lini kubadili chupa.

BABU NA KAMOTO

Chumba chenye joto zaidi katika nyumba yetu kilikuwa cha Babu, kwa maana kimeshikana na ukuta wa jiko. Kwa hiyo Kamoto akawekwa humo.

Babu alifanya kazi ya reli miaka mingi. Alizaliwa karibu na Bukama, kando ya Lualaba, katika watu wavuao samaki. Mwanzo alimdharau mgeni wake. «Samaki asiyeliwa ni kitu gani?» aliuliza. «Na hata tukimla, hashibishi hata kuku.» Lakini wazee hulala kidogo. Usiku alipoamka kwa maumivu ya miguu, alimkuta Kamoto amepanda kuvuta pumzi, akakumbuka kambale wa ujana wake, ambaye naye huvuta hewa, na ndiyo sababu hukaa hai muda mrefu katika beseni sokoni. Akaanza kumwambia mjukuu wake habari za nyavu, za mitumbwi, na za matete ya Upemba, habari ambazo hata sisi wenyewe hatujapata kuzisikia. Kabla ya siku nyingi kupita, Babu ndiye aliyebadili chupa za maji ya moto saa nane za usiku. Tulipomwambia alale, alijibu, «Mimi ni macho vilevile. Afadhali macho yangu yafanye kazi.»

Siku moja tuliona povu jeupe juu ya maji, katika pembe ya sanduku. Tulidhani ni uchafu, lakini tulipouliza tulifahamu ya kuwa ni kiota. Dume wa samaki hawa huvuta hewa, huifunga kwa mate yake, na kupanga vipovu kimoja kimoja. Jike akiisha kutaga, dume humfukuza, huyachukua mayai kwa kinywa na kuyatia katika povu. Yai likianguka hulifuata chini na kulirudisha. Hufanya zamu hiyo mpaka watoto watoke na kuweza kuogelea. Kamoto hakuwa na jike, lakini alijenga. Babu alitazama kiota kile muda mrefu, kisha akasema, «Anatengeneza nyumba ya watoto ambao hawatakuja. Lakini tazameni jinsi alivyoitengeneza vizuri.»

UZEE WA SAMAKI

Samaki hawa wakitunzwa vema huishi miaka miwili, mitatu, pengine zaidi kidogo. Mwezi wa Oktoba 2023 Kamoto alianza kuzeeka mbele ya macho yetu. Wekundu wake ulififia, mapezi yakachakaa pembeni, akalala chini saa nyingi. Alipotaka kuvuta hewa alipanda kwa shida, kama mzee apandaye ngazi. Tulipunguza maji, ili safari yake ya kwenda juu iwe fupi. Tulimtilia jani pana la kupumzikia karibu na uso wa maji. Alikula kidogo, kisha akaacha kula.

Binti yetu aliuliza, «Tumemfanya nini?» Wazazi, liangalieni swali hilo. Mtoto akiona kiumbe anachokipenda kinadhoofika, mara nyingi hujishitaki mwenyewe, hata asiposema. Hufikiri: labda ni siku ile niliyochelewa kumlisha, labda ni kwa sababu nilikasirika. Tulimjibu bila kuzunguka: «Hukumfanya neno. Amezeeka. Ulimtunza, ndiyo sababu amefika uzee.»

Asubuhi moja ya Novemba, Babu alituita kwa sauti ya chini. Kamoto alikuwa amelala juu ya jani lake, bila kutikisika.

Baba mdogo, ambaye huenda Afrika Kusini kwa biashara kwa njia ya Kasumbalesa, alikuwa mgeni wetu siku ile. Ni mtu mwema, naye hapendi kuona mtoto akilia. Mtoto alikuwa hajaamka bado. Akatwambia, «Ficheni. Mwambieni samaki amepelekwa kwa daktari. Baada ya majuma mawili nitaleta mwingine mwekundu, wala hatajua.» Twakiri ya kuwa shauri hilo lilikuwa tamu. Lakini Babu alimtazama, akasema polepole, «Mwanangu, ukimdanganya kwa samaki, utamdanganya vilevile siku yangu mimi.»

Hakuna aliyejibu. Tulimwamsha mtoto, tukamwambia, «Kamoto amekufa.» Hatukusema «amelala», kwa maana mtoto anayeambiwa hivyo aweza kuogopa kitanda chake. Hatukusema «amesafiri», kwa maana anayesafiri hungojewa. Twamjua mtoto mmoja aliyeambiwa ya kuwa mama yake amekwenda safari. Miezi mingi alikimbilia mlangoni kila aliposikia gari. Siku aliyojua kweli alilia mara mbili: kwa ajili ya mama aliyekufa, na kwa ajili ya wakubwa asioweza tena kuwaamini.

Binti yetu alilia sana. Kisha akamfunga Kamoto katika jani la mgomba, tukamzika chini ya mwembe. Babu alitoka na fimbo yake, akasimama pamoja nasi. Baadaye alikaa na mjukuu barazani, akamwambia, «Mama, uliona jinsi rangi yake ilivyokwisha? Tazama nywele zangu. Uliona jinsi alivyopanda kwa shida? Nisikilize mimi ninapoinuka kitini. Mimi pia nimezeeka. Siku moja na mimi nitakufa, wala halitakuwa kosa lako.» Mtoto akamwuliza kama ni karibu. Akajibu, «Sijui. Leo bado nipo, na chai yangu inapoa.»

JE, YAFAA KUMLILIA SAMAKI?

Habari ilipoenea mtaani, wengine walinung'unika. Jirani mmoja alisema, «Watu wanakufa kila siku katika nchi hii, wengine wanalala njaa, nanyi mnazika samaki!» Neno lake lina uzito, nasi hatutaki kulipita.

Ni kweli ya kuwa mtu si sawa na samaki. Kilio ni cha watu: majirani hukusanyika, kazi husimama, mchango hutolewa. Hatukumfanyia Kamoto kilio, na mtu ampaye mnyama nyama huku mtoto wa jirani akikosa bukari amepotewa na akili. Samaki wetu alikula viluwiluwi vya madimbwi, na joto lake lilitoka katika birika ile ile ya chai.

Lakini moyo wa mtu si gunia la unga, kwamba ukichota kwa huyu atapungukiwa yule. Mtoto aliyejifunza kuamka mapema kwa ajili ya kiumbe kisichoweza kumwomba wala kumshukuru, ndiye atakayeona upesi ya kuwa nyanya wa jirani hana maji. Wala huzuni haingoji tupime kama kitu kilichopotea ni kikubwa. Kwa mtu mzima Kamoto alikuwa samaki wa kidole kimoja. Kwa mtoto wa miaka kumi alikuwa miaka miwili na zaidi ya asubuhi zake zote.

Babu alifariki mwezi wa Mei 2024, kitandani mwake. Tulimwambia binti yetu kwa neno lile lile tulilolitumia kwanza. Akauliza, «Amekufa kama Kamoto?» Tukamjibu, «Amekufa, ndiyo. Lakini Babu ni Babu, na huzuni hii ni kubwa zaidi, nayo itakaa zaidi.» Alilia, akaenda kukaa mkekani pamoja na mama zake wakubwa. Siku ya pili tulimsikia akisema na binamu yake mdogo, aliyekuwa akiuliza Babu atarudi lini. Alisema, «Hatarudi. Usimngojee mlangoni. Lakini ukitaka tumtaje, twaweza kumtaja.» Sisi wazazi wake tulisimama nyuma ya pazia, tusiweze kusema neno.

NENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Mzazi ambaye mtoto wake amefiwa na mnyama, awe mbwa, njiwa, sungura au samaki, na amwambie kweli upesi, kwa maneno machache. Asimcheke, wala asimwambie «nyamaza, ni mnyama tu». Amruhusu kuzika, kama yawezekana, maana mikono ikipata kazi moyo hupata nafuu. Asiharakishe kuleta mwingine wa kumrithi aliyekufa. Mtoto ajuaye ya kuwa kila kitu hurithiwa kesho yake hatajifunza thamani ya kitu chochote. Na kama huzuni ikizidi, mtoto akikataa chakula na michezo kwa majuma mengi, afadhali kutafuta shauri la mwalimu wake au la daktari.

Nanyi wanafunzi mnaotamani kufuga samaki, fikirini kwanza. Kiumbe kilichofungwa katika kioo hakiwezi kujitafutia maji safi, joto wala chakula. Chakutegemea kwa yote. Kama huna nafasi ya kumtunza, usimchukue. Na kama umechoka naye, usimmwage mtoni, kwa kuwa samaki wa nchi ya mbali aweza kufa huko kwa mateso, au kuwadhuru samaki wa kwetu. Mpe mtu atakayemtunza.

Mwisho, msiwanyime watoto kazi hizi ndogo kwa kuogopa machozi yao. Siku kubwa za huzuni zitakuja, tupende tusipende. Afadhali zimkute mtoto akiwa amekwisha kujua mambo mawili: ya kuwa wanaompenda humwambia kweli, na ya kuwa mtu hulia, kisha huinuka na kuwasha moto wa chai.